Poda kwa Wenye Uso Mkavu

Akina mama na akina dada wapenzi, leo tuzungumze habari ya kile kikopo kidogo kikaacho mbele ya kioo, au chini kabisa ya mkoba: kikopo cha poda. Huenda mwenzangu mmoja atasema, "Hayo ni mambo ya wasichana wa mjini." La, sivyo. Poda imefika kila mahali, mjini na shamba, na mara nyingi aliye mbali na maduka makubwa ndiye auziwaye ile isiyomfaa, maana hana nyingine ya kuchagua. Basi kaeni, tuongee taratibu. Na wewe baba, usiupite ukurasa huu. Neno lako liko mwishoni.

Nitaanza na kisa cha binti wa jirani yangu. Kwao ni nyanda za juu, kule ambako miezi ya Juni na Julai baridi huwauma watu mpaka midomo ikapasuka. Ngozi yake ni kavu, na rangi yake ni ile tuiitayo maji ya kunde. Siku ya arusi ya dada yake alitaka apendeze kama wenzake. Akanunua poda sokoni, nyeupe kuliko uso wake, akaipaka kwa wingi, akatoka. Ndani ya nyumba, kwa mwanga wa taa, hakuna aliyeona kitu. Lakini picha zilipokuja, masikini! Uso ulikuwa wa majivu, shingo ya rangi nyingine, na kando ya pua na mdomo unga umejipanga mistari mistari kama shamba lililokosa mvua. Watu wakacheka. Mmoja akamwuliza kama siku ile alikuwa ametokea mashineni kusaga unga.

Kicheko kile kilimchoma. Badala ya kubadili poda, akaamua kubadili uso. Alisema moyoni, "Poda haina kosa, kosa ni uso wangu, mweusi mno." Akatafuta krimu ya kujichubua ili uso uifuate poda. Miezi michache haikupita, mashavu yakawa mekundu, yakawa yanawasha kila atokapo juani, na kando ya macho yakatokea madoa meusi ambayo hayakuwapo tangu azaliwe. Sasa ni mgonjwa wa daktari wa ngozi, na dawa zake zimemgharimu fedha nyingi kuliko poda mia.

Basi neno langu la leo ni moja tu, nanyi mlishike: poda ndiyo hufuata uso, uso haufuati poda. Mengine yote nitakayosema ni matawi ya mti huo mmoja.

PODA NI KITU GANI?

Poda nyingi za uso hutengenezwa kwa talki, jiwe laini kuliko mawe yote, lisagwalo mpaka likawa unga mwororo. Nyingine hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au wa mchele, na nyingine hutiwa udongo mweupe uitwao kaolini. Rangi zake, nyekundu, manjano na nyeusi, hutoka katika oksidi za chuma, jamaa za kutu. Weupe wake hutoka zaidi katika titani na zinki.

Kazi ya poda ni kunywa mafuta na jasho ili uso usimetemete. Hapo ndipo penye shida ya mwenye ngozi kavu. Mwenye uso wa mafuta anayo ziada ya kuinywesha poda. Mwenye uso mkavu hana. Poda humnywa hata kile kidogo alichonacho, halafu hushikamana na magamba ya ngozi na kuyaonyesha kwa watu. Kwa hiyo asidhani kwamba poda nyingi itaficha ukavu. Poda nyingi huutangaza.

Tena yafaa tujue kwamba hamu ya kuwa mweupe kwa njia ya unga ni ugonjwa wa zamani, wala haukuanza kwetu. Mabibi wakubwa wa Ulaya walijipaka rangi nyeupe iliyotokana na madini ya risasi, nayo ni sumu. Watu husimulia sana habari za Maria Gunning, mke wa bwana mkubwa wa Coventry huko Uingereza, mwanamke aliyesifiwa kwa uzuri. Alikufa mwaka 1760, hajatimiza miaka 30, na wengi wamekiweka kifo chake juu ya rangi zile alizojipaka. Wahenga walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na kwa muda mrefu poda za madukani zilitengenezwa kwa nyuso za Wazungu tu. Mtu mmoja aliyeona upungufu huo ni Anthony Overton, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa nyakati za utumwa. Mwaka 1898 alianzisha kampuni yake huko Kansas City, na mwaka 1911 akaihamishia Chicago. Poda yake iliyojulikana sana iliitwa High Brown, nayo ilitengenezwa ifanane na nyuso za wanawake weusi. Overton aliibadili poda, akauacha uso kama ulivyo. Na mabibi zetu wa pwani nao walikuwa na akili hiyo hiyo: walisugua liwa juu ya jiwe, wakajipaka wapate ulaini na harufu nzuri.

KWANZA MAJI NA MAFUTA

Dada mwenye uso mkavu, kazi yako huanza kabla hujafungua kikopo. Uso ukitayarishwa vibaya, hata poda ya bei kubwa haitakaa.

Chunguza sabuni yako. Sabuni ya mche tufuliayo nguo ni kali, huondoa uchafu na pia huondoa mafuta ya asili ambayo ni ukuta wa ngozi. Iache kwenye beseni la nguo. Uso utafutie sabuni laini isiyo na manukato makali, nawe uitumie jioni tu. Asubuhi maji matupu yatosha. Maji yawe ya uvuguvugu. Najua kwamba wakati wa baridi ni raha kunawa maji ya moto, lakini maji ya moto huukausha uso kama upepo wa kipupwe.

Ukisha kunawa, usijisugue kwa taulo. Jibonyezebonyeze, uso ubaki na unyevu kidogo, ndipo upake mafuta papo hapo. Siri ni hiyo: mafuta hayaleti maji, bali huyafungia yale yaliyomo yasitoroke. Ukipaka mafuta juu ya uso uliokwisha kukauka, umefunga ghala tupu.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando ni ya bei ndogo, na kwa kufungia unyevu ni hodari sana, lakini chukua kidogo mno, uyayeyushe kwanza katika viganja. Mafuta ya nazi nayo ni mazuri, ila mwenye kutoka chunusi ayaache, maana huziba matundu ya ngozi. Glisirini nayo yafaa, lakini usiipake tupu. Ichanganye na maji, kisha funika kwa mafuta kidogo.

Sasa ngoja dakika 10. Vaa nguo, chana nywele, chemsha chai ya watoto. Kisha chukua karatasi laini au leso safi, ubonyeze usoni kuondoa mafuta yaliyozidi. Uso ukiwa bado unateleza, poda itaganda kama uji.

KUICHAGUA PODA

Poda ni za namna mbili. Iko ya unga mtupu, na iko iliyoshindiliwa ikawa kama keki ndani ya kikopo chenye kioo. Ile ya unga hukaa usoni kwa wepesi zaidi, nayo huwafaa wenye ngozi kavu, mradi ipakwe kwa brashi. Ile ya keki ni rahisi kuibeba, lakini kile kisponji chake huchota nyingi mno. Ukiwa nayo, tupa kisponji, tumia brashi.

Soma maneno ya kikopo. Kama yasema poda hiyo ni ya kuondoa mng'ao, au ni ya ngozi ya mafuta, irudishe mahali pake hata kama muuzaji aisifu. Imetengenezwa inywe mafuta, na wewe mafuta huna. Irudishe pia yenye manukato makali, kwani ngozi kavu huwashwa upesi. Kisha chukua kidogo kati ya vidole viwili, uisugue. Ikiwa laini kama hariri, ni njema. Ukihisi chembe chembe, zitaonekana usoni.

Sasa rangi, na hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Wengine huijaribu poda juu ya mkono. Mkono umepigwa na jua na umefua nguo miaka mingi, haufanani na uso. Ijaribu kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo. Paka mistari mitatu ya rangi tatu zilizokaribiana, kisha toka nje ya duka, usimame kwenye mwanga wa mchana, na umwombe mwenzako akutazame. Ule mstari usioonekana, uliopotea kabisa, ndio rangi yako. Muuzaji akikuambia, "Chukua hii nyeupe, itakung'arisha," mshukuru, ununue ile iliyopotea.

Wenzetu wengi wa maji ya kunde wana umanjano ndani ya ngozi, kama asali. Watafute poda yenye umanjano. Poda ya waridi juu ya ngozi hiyo hugeuka majivu. Na ile poda isemwayo kwamba haina rangi, inafaa watu wote, ijaribuni kwanza. Nyingi ni nyeupe tu. Nje ya kamera husamehe, lakini mwanga mkali wa picha ukiipiga, weupe wote hurudi. Ndivyo ulivyoharibika uso wa binti yule arusini.

Na ile poda ya watoto? Wengi huitumia kwa sababu imo nyumbani na ni rahisi. Ni nyeupe tupu, wala haikutengenezwa kwa uso wa mtu mzima. Iache.

KUIPAKA

Chovya brashi kidogo, kisha igonge ukingoni mwa kikopo ili ziada ianguke. Poda ya uso mzima yapaswa kuwa kiasi kinachoweza kukaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Ukiona ni kidogo mno, umepatia.

Anza paji la uso, kisha pua, kisha kidevu, maana hapo ndipo hata mwenye uso mkavu hutoa mafuta kidogo. Bonyeza, usisugue. Mashavu yapate kile kilichobaki kwenye brashi tu. Chini ya macho, na ile mikunjo ya kucheka kando ya mdomo, pite mbali. Ngozi ya hapo ni nyembamba, na unga huingia mikunjoni ukakuongezea miaka.

Malizia kwa kupangusa toka juu kwenda chini. Kwa nini chini? Kwa sababu vile vinyweleo laini vya usoni, tuviitavyo malaika, hulala kuelekea chini. Ukipangusa kwenda juu, vyote vinasimama na kushika unga, nawe unaonekana kama embe lenye vumbi. Mwisho, chukua kitambaa safi, ukilowe kwa maji, ukikamue sana, na ukibonyeze usoni mara moja polepole. Unga utatulia na ngozi itarudi kuonekana ngozi. Kisha jitazame mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kabla watu hawajakutazama.

Mchana usiongeze poda juu ya poda. Jasho likija, lifute kwa kubonyeza leso. Mara nyingi hiyo yatosha. Na jioni, hata ukichoka namna gani, usilale na poda usoni. Iondoe kwa mafuta kidogo, kisha unawe. Brashi ioshe kwa sabuni kila juma, uianike mpaka ikauke kabisa, wala usiazimane na mtu. Pamoja na poda mtaazimana na magonjwa ya ngozi.

WENYE NGOZI NYEUPE NA JUA

Hapa nataka kusema na wenye ngozi nyeupe zaidi, na hasa ndugu zetu wenye ualbino na mama zao. Sote tumepewa chembe za kutengeneza rangi ya ngozi, na idadi yake haipishani sana, awe mtu mweusi au mweupe. Tofauti iko katika rangi ambayo chembe hizo hutoa. Kwa mwenye ualbino hutoa kidogo sana au hazitoi kabisa, na rangi hiyo ndiyo mwavuli wa ngozi. Kwa hiyo jua letu la karibu na ikweta humchoma upesi, na miaka ikipita humletea saratani ya ngozi.

Baadhi ya poda huandikwa kwamba zinakinga jua. Msizitegemee. Kinga hiyo hupimwa kwa kupaka miligramu 2 katika kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, na hakuna mtu apakaye poda nyingi kiasi hicho. Angefanana na ukuta wa chokaa. Mwenye ngozi nyeupe apake losheni ya kukinga jua kwanza, juu ya uso, masikio na shingo, aingoje ikauke, ndipo poda ifuate kama apenda. Tena avae kofia pana na mikono mirefu, na arudie losheni baada ya saa mbili akiwa nje. Mjini Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, ilianzishwa kazi ya kutengeneza losheni iitwayo KiliSun hasa kwa ajili ya wenye ualbino. Ulizeni habari za losheni katika kliniki ya ngozi iliyo karibu nanyi, na doa au kidonda kisichopona kionyesheni kwa daktari mapema.

MAMBO YA KUOGOPWA

La kwanza ni vumbi la talki. Ardhini talki huweza kukutana na asbesto, madini ya nyuzi nyuzi yaletayo saratani, na zisipochunguzwa huchimbwa pamoja. Tena mwaka 2024 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka talki yenyewe katika kundi la vitu ambavyo huenda sana vikaleta saratani kwa binadamu. Sisemi tutupe vikopo vyote leo. Nasema: usijipulizie ukavuta pumzi, usijipake sehemu za siri, wala usimwagie mtoto mchanga wingu la unga. Na ukiweza, chagua poda ya wanga badala ya talki.

La pili, na kubwa zaidi, ni zile krimu za kujichubua. Nyingi zimekutwa na zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za steroidi. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Mama mjamzito humfikishia hata mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta madoa meusi ya buluu yasiyotoka, yaani mtu hukimbia weusi akapata weusi mbaya zaidi. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Mataifa yaliyoshika Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, yalikubaliana kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Na mwaka 2023 yakakaza zaidi, kwamba kufikia mwaka 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kikomeshwe. Ukiona kwenye kopo neno calomel, au herufi Hg, hiyo ni zebaki. Na kopo lisilo na maandishi yoyote, aliloliuza mtu kwa kunong'ona, liogope kuliko yote.

Aliyekwisha kuanza asione haya, aende kwa daktari na achukue kopo lake mkononi. Asiache ghafula peke yake akiwa ametumia miezi mingi, maana ngozi iliyozoea steroidi huweza kulipuka vibaya; daktari atamwonyesha njia ya kuacha.

NENO KWA BABA

Sasa wewe baba, nilikuahidi. Wake zetu na binti zetu hawajichubui kwa kupenda maumivu. Mara nyingi wamesikia neno. Umesema mezani, "Fulani mweupe, kapendeza," ukaendelea na ugali wako. Lakini binti yako alikuwa anasikia. Umeitazama picha ya arusi ukacheka uso wa mtoto wa watu. Naye amelibeba kicheko hicho mpaka dukani. Neno lako ni jepesi kama poda, lakini nalo huingia kwenye mikunjo likakaa. Msifu mkeo kwa rangi aliyo nayo, tena asikie.

Binti wa jirani yangu nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Alisema, "Andika, shangazi, labda mwingine atasoma kabla hajanunua." Uwekundu wa mashavu umepungua, madoa ya kando ya macho bado yapo, na daktari amemwambia awe na subira. Juzi alikwenda arusini tena. Alipaka mafuta kidogo, losheni ya jua, na poda ya rangi ya asali juu ya paji, pua na kidevu tu. Picha imekuja. Uso na shingo ni vya mtu mmoja.